Bunduki ya Marehemu Baba: Ni Mirathi au ni Amana?

Miongoni mwa maswali yaliyoletwa katika darsa yetu mna moja ambalo tumeona lastahiki kujibiwa kwa urefu, maana si swali la nyumba moja tu. Mzee mmoja aliyekuwa askari katika ujana wake amefariki Bungoma baada ya umri mrefu. Watoto wake, ambao baadhi yao wamehamia Kitale kwa ajili ya kilimo, wamefungua sanduku lake la bati. Wamekuta humo nishani mbili, mshipi wa ngozi, kitabu chake cha kuachishwa jeshi, picha yake akiwa katika mavazi ya askari, na chini kabisa, ndani ya gunia, bunduki ya kijeshi. Mkubwa wao asema bunduki ni yake, kwa kuwa ndiye atakayesimama mahali pa baba. Wa pili ataka nishani ziuzwe na bei igawanywe. Dada yao aliomba picha na kitabu, akajibiwa kwamba mambo ya vita si ya wanawake. Sasa wanauliza: vitu hivi vyarithiwaje?

Kwanza yapasa ijulikane kwamba si kila kilichokutwa nyumbani kwa maiti ni mali ya maiti. Sheria yetu ya mirathi, kabla haijataja nusu na thuluthi na sudusi, yataka mali ya marehemu ichambuliwe kwanza. Vilivyokuwa mikononi mwake kwa amana, au kwa kuazima, au kwa rehani, hurudishwa kwa wenyewe. Kisha hutolewa gharama za mazishi, kisha hulipwa madeni, kisha hutekelezwa wasia usiozidi thuluthi, na kinachobaki ndicho kinachogawanywa. Watu wengi huanzia mwisho. Maiti hajakauka kaburini, nao tayari wamekwisha kupimana mashamba. Ndiyo maana ugomvi wa mirathi hauishi katika miji yetu: watu wagawana kabla hawajauliza, je, hiki kilikuwa chake?

Sasa tuitazame bunduki. Askari hakupewa bunduki, alikabidhiwa. Katika jeshi la King's African Rifles, ambalo wazee wetu waliliita Keya, bunduki ilikuwa mali ya serikali. Ilikuwa na namba yake, na askari aliyeibeba aliulizwa habari zake kama mchungaji anavyoulizwa habari za ng'ombe wa tajiri. Siku ya kuachishwa jeshi aliirudisha, akaondoka na nishani zake na karatasi zake. Ndivyo ilivyo katika majeshi mengi mpaka leo. Kwa hiyo bunduki ya kijeshi ikikutwa ndani ya gunia nyumbani kwa askari aliyekwisha kuacha kazi, jambo la kwanza linaloingia akilini ni kwamba ina mwenyewe mwingine.

Hatusemi kwamba mzee aliiba. Maiti hawezi kujitetea, na ni haki yake tumdhanie wema. Huenda aliwekewa na mwenzake ambaye hakurudi kuichukua. Huenda aliiokota, akaogopa kuipeleka, na kila mwaka uliopita ukaongeza hofu yake. Huenda aliinunua asijue asili yake. Lakini dhana njema, ijapokuwa ni wajibu wetu kwa maiti, haimfanyi mtu kuwa mmiliki wa asichokimiliki. Na asiyemiliki hawezi kurithisha.

Iko habari mashuhuri katika vitabu vya Hadithi, nayo yahusu jeshi hasa. Baada ya vita vya Khaybar, mtumishi mmoja wa Mtume (S.A.W.), jina lake Mid'am, alipigwa mshale akafa. Watu wakampongeza kwa kufa shahidi. Mtume akawaambia kwamba sivyo, kwani shuka aliyoitwaa katika ngawira kabla ya kugawanywa inamwakia moto. Waliposikia hayo, mtu mmoja alikuja mbio na ukanda wa kiatu, au kanda mbili, akaurudisha. Tazama, ndugu msomaji, jinsi jambo lilivyo zito. Mid'am alikuwa karibu na Mtume na alikufa katika safari ya Mtume, lakini utumishi wake haukuihalalisha shuka moja ya mali ya wote. Basi yafaa tusiseme kwamba baba alitumika miaka mingi kwa mshahara mdogo na kwamba bunduki ni fidia yake. Dhuluma aliyofanyiwa askari ni kweli, nasi tutaitaja hapa chini. Lakini dhuluma hailipwi kwa kitu ambacho mtu hakukabidhiwa kiwe chake.

Na mwenye ukanda wa kiatu ndiye anayefaa kuwa kiongozi wa watoto hawa. Yeye aliwahi kurudisha akiwa hai. Marehemu hakuwahi, lakini ameacha watoto. Wako wanaodhani kwamba kumtii baba baada ya kufa ni kushika kila alichokishika. Kinyume chake ndicho sahihi. Mtoto mwema hulipa deni ambalo baba hakulilipa, na hurudisha amana ambayo baba hakuirudisha, ili shingo ya mzee iwe nyepesi. Kumpeleka mwenyewe bunduki yake ni utumishi wa mwisho ambao watoto hawa wanaweza kumfanyia baba yao. Mkubwa wao atakaye kusimama mahali pa baba, na asimame hapa.

Itasemwa: je, ikiwa bunduki ilikuwa yake kweli, aliinunua kwa fedha yake na alikuwa na cheti cha serikali? Twajibu kwamba hapo thamani yake yaingia katika mirathi, lakini bunduki yenyewe haiingii nyumbani kwa mrithi. Katika Kenya cheti cha silaha, kwa mujibu wa Sheria ya Silaha, Sura ya 114, hutolewa kwa mtu mmoja kwa jina lake, baada ya kuchunguzwa mwenendo wake. Cheti hakirithiwi, kama vile udereva haurithiwi. Mwenye cheti akifa, warithi hawana ruhusa ya kuikalia silaha. Ni lazima wawaarifu polisi na kuikabidhi, kisha ifuate njia ya sheria. Ikiuzwa kwa mwenye ruhusa, bei yake hugawanywa kama mali nyingine. Na bunduki ya kivita, kama ilivyo hii, si silaha ambayo raia hupewa cheti ili aiweke chini ya kitanda.

Wako watakaosema: bunduki ni heshima ya baba, na kuitoa ni kumfedhehesha. Hawa twawakumbusha silaha za aliye bora kuliko baba zetu sote. Mtume (S.A.W.) alipofariki, deraya yake ilikuwa rehani kwa Myahudi mmoja wa Madina kwa pishi thelathini za shayiri alizozichukua kwa ajili ya chakula cha watu wa nyumbani kwake. Hakuacha dinari wala dirhamu. Aliacha nyumbu wake mweupe, silaha zake, na ardhi aliyoifanya sadaka. Wala mali yake haikugawanywa kwa mafungu ya mirathi. Na siku ya Hunayn, alipohitaji deraya, alimwendea Safwan bin Umayya, ambaye wakati huo hakuwa bado amesilimu. Safwan akauliza kama ananyang'anywa. Mtume akamjibu kwamba ni kuazima, na kuazima kwenye dhamana. Baada ya vita baadhi ya deraya zilipotea, na Mtume akajitolea kuzilipa. Hii ndiyo heshima ya silaha: kujua ni ya nani, na kuirudisha. Naye Khalid bin Walid, ambaye hapana shujaa asiyelijua jina lake, deraya zake na silaha zake alizifanya wakfu, hakuzifanya pambo la ukoo wake.

Wengine watasema: bunduki italinda boma. Jambo hili tusilichukulie wepesi, maana wakulima wa Trans Nzoia waujua wizi wa ng'ombe, wala si wote walio karibu na kituo cha polisi. Lakini na tutazame yaliyotokea karibu nasi. Kati ya mwaka 2006 na 2008, katika mlima Elgon, wanamgambo waliojiita Sabaot Land Defence Force walishika silaha kwa ajili ya ugomvi wa mashamba. Mamia ya watu waliuawa na maelfu wakakimbia makwao, wengine wakaja Bungoma na Kitale wakiwa hawana kitu. Mwezi wa Machi 2008 serikali ilipeleka jeshi katika operesheni iliyoitwa Okoa Maisha, na raia wengi wakakamatwa na kuteswa wakidaiwa silaha na habari za wenye silaha. Nyumba iliyokuwa na bunduki siku zile ilikuwa na adui wawili: aliyetaka kuichukua ili aitumie, na aliyetaka kuichukua ili asiwepo wa kuitumia. Wala haikumlinda mwenyewe. Wanazuoni wetu tangu zamani walikataza kuuza silaha wakati wa fitina, kwa kuwa muuzaji hajui itamwelekea nani. Anayeiacha silaha kwa watoto wake naye hajui. Leo yuko mtoto mtulivu, kesho yuko mjukuu mlevi, na ndugu wawili wanaogombea mpaka wa shamba. Sisi tumekatazwa hata kumnyooshea ndugu chuma kwa mzaha.

Ama nishani, kitabu, mshipi na picha, hizi ni mali ya marehemu kweli, nazo ni za warithi wote. Hapa ndipo tunapotaka msomaji atulie zaidi, maana tumeona watu wanaigombea bunduki, isiyokuwa yao, na kukitupa kitabu, ambacho ni chao.

Katika barabara ya Kenyatta jijini Nairobi kuna sanamu za askari na wachukuzi wa Vita Vikuu vya Kwanza, na nyingine za kumbukumbu hiyo hiyo ziko Mombasa na Dar es Salaam. Juu yake pameandikwa kwa Kiarabu, Kiswahili na Kiingereza, na maana ya maneno yale ni kwamba aliyepigana, hata akifa, wanawe watalikumbuka jina lake. Lakini mtu akizunguka sanamu zile hataona jina hata moja la Mwafrika aliyekufa. Kazi ya kukumbuka waliachiwa wana, na wana hawakupewa orodha. Mwaka 2021 Halmashauri ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilitoa taarifa na kukiri kwamba watu wasiopungua 116,000 waliokufa katika vita vile, wengi wao Waafrika na watu wa Mashariki ya Kati, hawakuandikwa majina yao, au hawakukumbukwa kabisa. Walikufa Tanganyika na kwingineko kwa homa, kuhara na njaa, wakibeba mizigo ya jeshi. Jina la Kariakoo, lililobaki katika miji yetu, ndilo kaburi lao.

Katika Vita Vikuu vya Pili karibu Waafrika laki moja wa Kenya waliingia jeshini. Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, ambayo alama yake ilikuwa kichwa cha kifaru, ilipelekwa Ceylon mwaka 1943, kisha Burma. Mwaka 1944 askari wale waliteremka bonde la Kabaw wakati wa masika, katika matope na malaria, mpaka wakaufikia mto Chindwin mwezi wa Desemba. Lugha yao iliyowaunganisha, Mbukusu na Mkamba na Myao, ilikuwa Kiswahili hiki tunachokiandika. Wengine hawakufika. Tarehe 12 Februari 1944 meli Khedive Ismail, iliyotoka Mombasa kwenda Colombo, ilizamishwa kwa dakika chache, na wakafa watu karibu 1,300, wengi wao wakiwa askari wa mizinga wa Afrika Mashariki.

Waliorudi walipewa nishani. Nyota ya Burma ina pembe sita, na utepe wake ni wa buluu nzito, wenye nyekundu katikati na michirizi miwili ya rangi ya chungwa. Nishani za vita vya kwanza zilichorwa ukingoni namba na jina la askari. Bali nyota hizi za vita vya pili kwa kawaida Waingereza walizitoa bila ya jina. Basi nyota iliyo ndani ya sanduku haisemi ni ya nani. Ikitolewa mle na kuuzwa kwa mpita njia, katika siku moja huwa kipande cha shaba cha mtu yeyote. Kinachoifanya kuwa nishani ya mzee huyu ni kitabu kile chenye jina lake, na midomo ya watoto wake. Kuiuza si haramu, kwani ni mali. Lakini anayeiuza huuza kidogo sana na hupoteza kingi.

Na habari itakayosimuliwa iwe ya kweli, yenye tamu na chungu. Mwaka 1895 jeshi lililotumwa na Waingereza liliwapiga Wabukusu Lumboka na Chetambe. Sababu moja ya vita vile ilikuwa bunduki: Hobley, aliyewawakilisha Waingereza Mumias, alituma askari kuzidai bunduki zilizokuwa mikononi mwa Wabukusu, nao wakauawa. Baada ya vita vya 1914 hadi 1918, Wazungu waliotoka vitani waligawiwa mashamba, na Trans Nzoia ilikuwa katika nchi iliyogawanywa kwa mpango wa mwaka 1919. Mchukuzi wa Kiafrika hakupata hata bustani. Mwezi wa Februari 1948, wakati askari wa Burma walikuwa wamekwisha kurudi makwao, polisi walipiga risasi wafuasi wa Dini ya Msambwa pale Malakisi, wakaua watu 11. Babu alipigwa kwa bunduki, mwana akapewa bunduki akapigane ng'ambo, na aliporudi akaikuta bunduki ile ile imeelekezwa kijijini kwake. Mtoto anayemtukuza baba kwa nishani tu husema nusu ya habari. Na anayemdharau kwa kumwita mtumwa wa Wazungu husema nusu nyingine. Sisi tunamwambia aziseme zote mbili, kisha amwombee baba yake maghufira.

Wabukusu wanayo desturi ya kumuse, ambapo mzee msemaji husimama mbele ya waombolezaji akataja asili ya watu na yaliyopita, akawaonya walio hai. Hatuingii hapa katika hukumu ya desturi hiyo, ila twaona kwamba wazee walielewa jambo moja: urithi wa mtu mkubwa hupitishwa kwa maneno yaliyohifadhiwa, si kwa chuma.

Tukija kwa dada, jibu ni fupi. Binti ni mrithi kwa nassi ya Qurani, na fungu lake haliondolewi na desturi wala kwa kuwa kitu kilitumika vitani. Kila nishani na kila karatasi ina sehemu yake ndani. Na kwa kuwa vitu hivi havikatiki vipande, njia ni kusuluhishana: wakubaliane vikae kwa mmoja wao kwa niaba ya wote, na akitaka mmoja fungu lake la thamani, alipwe. Kama tungeulizwa nani anafaa zaidi kuvitunza, tungesema ni yule aliyeomba kitabu wakati wenzake waliomba bunduki.

Mfano wa karibu uko Kitale kwenyewe. Luteni Kanali Hugh Stoneham, ofisa wa jeshi la Uingereza aliyekaa huko, alikusanya vipepeo, wadudu, vitabu na vitu vya wenyeji. Alipofariki mwaka 1966 aliwaachia wananchi wa Kenya mkusanyiko ule kwa wasia, na mwaka 1974 likafunguliwa jengo ambalo leo ni Makumbusho ya Kitale. Hatuna haja ya kumsifu zaidi ya hapo. Lakini jina lake lingali latajwa, na silaha zake hapana anayeziuliza. Watoto wa askari wa Kiafrika nao waende wakawaulize wasimamizi wa makumbusho kama wataweza kupokea nakala za karatasi na picha za baba zao. Kama sivyo, na waweke nakala nyumba mbalimbali, ili moto wa nyumba moja usilifute jina.

Basi ushauri wetu ni huu. Bunduki isiguswe wala isichezewe, watoto waondolewe chumbani, na mtu asiipakie garini kuipeleka mwenyewe, kwani kuonekana nayo njiani ni kosa na ni hatari. Waende wawili au watatu, pamoja na mzee wa mtaa au wakili, wawaeleze polisi ilikopatikana, waiache ichukuliwe, na wadai hati ya kukabidhi. Hati hiyo iwekwe pamoja na kitabu cha mzee, iwe ukurasa wake wa mwisho. Kisha wakae jioni moja, wake kwa waume, waandike: jina la baba na la babu, namba yake ya jeshi, kikosi chake, alikokwenda, aliowataja kuwa rafiki zake, na aliyoyasema alipoulizwa juu ya vita. Alichokataa kukisema nacho kiandikwe kwamba alikataa kukisema.

Hayo ndiyo tuliyoyaona kuwa sawa. Tukipatia, ni kwa tawfiki ya Mwenyezi Mungu, naye ndiye Mjuzi zaidi.